Mume wangu aliniona nimekaa darasani peke yangu, na mpaka leo hajaniuliza kitu

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba usiandike jina langu wala mji ninaoishi. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, nina miaka 41. Nimeolewa miaka 14 sasa na tumejaliwa watoto wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Baba watoto ni mhasibu. Siku nyingi anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo yeye ndiye anayewapokea watoto wakitoka shule. Niseme mapema kwamba hanipigi, halewi, na sina sababu ya kumshuku kwa mwanamke mwingine. Mwenye siri katika nyumba yetu ni mimi.

Huku niliko mwaka wa shule unaanza joto linapoelekea kwisha, na muhula wa kwanza unaendelea mpaka baridi ishike. Ni miezi ya majani kupukutika. Watu huyasifu majira haya kwa rangi zake, mimi nayajua kwa uzito wa begi langu. Nina madarasa matano, wanafunzi 148, wengi wao majina mapya. Kikao cha wazazi huwa mwanzoni mwa Novemba na ripoti zinatakiwa kabla mwezi haujaisha. Insha moja, nikiisoma inavyostahili kusomwa, inanichukua dakika 7.

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Nafundisha vipindi vitano, wakati wa mapumziko nashika zamu uwanjani, na kutwa nzima kuna mtu ananiita, "Mwalimu! Mwalimu!" Nikifika nyumbani, hata viatu sijavua, naitwa tena, "Mama! Mama!" Baba watoto naye ananisubiri na habari za siku nzima, maana tangu asubuhi hakuwa na mtu mzima wa kuzungumza naye. Simlaumu. Lakini kuna jioni nilisimama nje ya mlango wangu mwenyewe, ufunguo mkononi, nikashindwa kuutia kwenye kitasa. Nilisimama pale mpaka jirani akanisalimia.

Mambo yalianza Oktoba. Siku hiyo nilibaki shuleni kusahihisha kweli. Wasafishaji walimaliza kazi, wakaaga, wakaondoka. Nikainua kichwa kutoka kwenye daftari na nikasikia ukimya. Sikumbuki ni lini niliwahi kusikia ukimya wa namna ile. Nikaweka kalamu chini. Nje ya dirisha langu kuna mti mkubwa, na kila baada ya muda jani lilikuwa linaanguka. Nilikaa nikiyatazama majani hayo kwa dakika 40, sikufanya kitu kingine chochote.

Wiki iliyofuata nilibaki tena. Safari hii nilimtumia baba watoto ujumbe, "Nasahihisha, nitachelewa kidogo," kisha nikafunga daftari ambalo nilikuwa hata sijalifungua vizuri. Sasa nafanya hivyo siku tatu kwa wiki. Ujumbe ni uleule. Majani yameshakwisha, naangalia matawi. Na kwa kuwa madaftari yanabaki palepale, nayabeba nyumbani nikayasahihishe watoto wakilala, mpaka saa sita usiku. Kwa hiyo nimejiongezea mzigo, na juu yake nimeweka uongo.

Labda utauliza kwa nini sikusema ukweli tangu mwanzo. Mwaka juzi, majira kama haya, tuligombana. Akaniambia, "Watoto wa watu wanapata uvumilivu wako wote. Sisi tunapata makombo." Tulipatana, akaomba radhi, lakini neno lile halijanitoka. Nitamwambiaje mtu aliyesema hivyo kwamba hata makombo yenyewe nayala peke yangu nikiwa nimejifungia?

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Baada ya ile Jumapili ya saa kurudishwa nyuma, giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Dirisha la darasa langu linaonekana barabarani, na taa yangu huwa ndiyo pekee inayowaka upande ule. Alhamisi moja mvua ilinyesha kutwa. Mwavuli nilikuwa nimeusahau nyumbani, nikarudi nimelowa mpaka soksi. Nilipoingia nikaukuta mwavuli wangu umeegemezwa mlangoni unachuruzika maji, nikauruka tu, nikaenda kubadili nguo. Baba watoto alikuwa mpole kuliko kawaida. Alinipa taulo, akasema, "Pole kwa kazi."

Siku ya pili yake nilikuwa nikimsuka binti yangu nywele. Akasema, "Mama, jana tulikuona. Ulikuwa umekaa tu. Ulikuwa unalia?" Nikamuuliza walikuwa wapi. Akasema, nje, barabarani. "Baba alisimama kidogo, halafu akasema turudi." Mikono iliniganda kichwani mwake. Nikamwambia nilikuwa napumzisha macho.

Hizi ni siku 12 sasa. Baba watoto hajasema neno. Hajabadilika, hajanuna, ananipokea vizuri. Juzi nilipotuma ule ujumbe wa "nasahihisha" alijibu, "Sawa, mke wangu," na moyo ukanipasuka, kwa sababu anajua na mimi najua kwamba anajua.

Hata kazini sijielewi. Wiki iliyopita mwanafunzi wa miaka 13 alibaki baada ya kipindi akaanza kulia, mambo ya kwao nyumbani, na mimi nikajikuta naangalia saa ya ukutani. Zamani nisingeangalia saa. Lakini hilo ni dogo, turudi kwenye langu.

Nimweleze, au nisubiri aanze yeye? Nikimweleza, ataamini kwamba hakuna mwanamume? Na mwanamke anayekimbilia chumba kitupu badala ya wanawe, ana moyo wa namna gani?

Mwalimu wa dirishani

* * *

Marahaba, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona mke anayemficha mumewe jambo. Mara ya pili nikaona mwalimu aliyechoka. Mara ya tatu nikaona vitu viwili ulivyovipita mbiombio, na hivyo ndivyo vilivyonikalia rohoni. Nitavifikia.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, nawe unisahihishe nikikosea. Ulikutana na ukimya bila kuutafuta. Ukaona unaupenda, ukaona hauombeki, basi ukauvalisha nguo za kazi ili upite bila kuulizwa. Sasa mumeo ameuona bila nguo hizo. Yeye kanyamaza, wewe umenyamaza, na aliyebaki na maneno nyumbani kwenu ni mtoto wa miaka 9.

Umeandika kwamba mwenye siri ni wewe. Ilikuwa hivyo mpaka ile Alhamisi. Tangu hapo siri ni mbili, kwa sababu naye anakuficha kwamba alikuona. Silisemi hili ili ugawane naye kosa. Nalisema kwa sababu umeupa ukimya wake maana moja tu, kwamba anakupima au anakushuku, na maana hiyo umeitoa ndani ya hofu yako. Mtu akimwona mkewe amekaa peke yake kwenye chumba chenye taa, mikono mitupu, macho nje, anaweza kuwaza mengi. Anaweza kuwaza kuna mwanamume. Anaweza kuwaza, "Mke wangu anaumwa na hajaniambia." Anaweza pia kuwaza lile linalomchoma mtu kuliko yote, "Hataki kurudi kwangu," akaogopa kuuliza kwa kuwa jibu huenda likawa ndiyo. Mwanamume aliyekutolea taulo na kukuambia pole kwa kazi, huku akijua kazi haikuwepo, sioni kama alikuwa anatega mtego. Ila mimi simjui. Wewe umelala naye chumba kimoja miaka 14.

Sasa lile neno la makombo. Umelibeba tangu mwaka juzi kama hukumu. Hebu lisikilize upya. Anayelalamika kwamba anapata makombo ni mtu mwenye njaa, na njaa yake ni ya wewe. Hakusema hufai. Alisema hakupati vya kutosha. Maneno yalikuwa mabaya, na aliomba radhi kwa haki. Lakini chini yake palikuwa na mtu anayeshinda na tarakimu, hana wa kuzungumza naye, anasikiliza mlango. Umelitaja hilo mwenyewe, kwa huruma kabisa, kisha ukaendelea kuandika kana kwamba njaa yake na kiu yako haviwezi kukaa meza moja.

Kwa nini unaona ukimya hauombeki? Nakuuliza kweli, nawe ujijibu mwenyewe moyoni. Mumeo akisema, "Leo naenda kutembea peke yangu nusu saa," utamwita mwenye moyo mbaya? Nadhani utamwambia avae koti. Kuna wazo la zamani sana kwamba mwanamke ana nafasi ya shughuli moja tu moyoni, na walimu wanawake walilijua wazo hilo kwa njia ngumu. Uingereza, mpaka sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilipokataza jambo hilo, halmashauri nyingi ziliwafukuza kazi walimu wanawake pindi wakiolewa. Ireland katazo la namna hiyo kwa walimu wa shule za msingi liliwekwa mwaka 1934 na halikuondolewa mpaka 1958. Darasa au ndoa, chagua. Leo hakuna anayekuambia uchague, lakini naona umejiambia mwenyewe kwamba ukiwa na vyote viwili basi huruhusiwi kuchoka na chochote.

Na unachochoka nacho kina jina. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege, alieleza kwamba kuna kazi ambazo mtu analipwa kwa uso na sauti yake, kwa kutabasamu asipojisikia kutabasamu na kumeza hasira asiyopaswa kuionyesha. Aliita kazi ya hisia. Mwalimu anaifanya mbele ya watoto thelathini kwa wakati mmoja, vipindi vitano, halafu zamu ya uwanjani. Mtu anayebeba mawe kutwa akiketi jioni hakuna anayemuuliza kwa nini. Wewe umebeba nyuso 148, na mzigo huo hauonekani mgongoni, ndiyo maana hata wewe unaushangaa.

Hapa nisimame kwenye lile la kwanza ulilolipita. Yule mtoto aliyelia, nawe ukaangalia saa. Umeandika, "hilo ni dogo." Mwalimu, si dogo, na wala sikuambii hivyo ili nikuongezee hatia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya mtu kuchakaa kwa sababu ya mkazo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Halikuiita ugonjwa, lakini lilitaja dalili zake tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi kazi yako ipasavyo. Kuangalia saa mtoto akilia kunafanana na ile ya pili. Moyo unaojali kupita uwezo wake hufika mahali ukajifunga wenyewe ili usivunjike. Ungekuwa umeacha kujali kweli, tukio hilo lisingeingia kwenye barua yako, tena baada ya wiki nzima.

Pia nikuulize, Novemba iliyopita ulikuwaje? Na ya mwaka juzi, ule wa ugomvi? Kuna watu ambao huzuni huwajia kila mwaka siku zinapofupika na kuondoka nuru inaporudi. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza hali hiyo mwaka 1984, na ina tiba, ikiwemo ya mwanga. Ukiona kwamba kwa zaidi ya wiki mbili umezama, huna hamu hata ya vile unavyovipenda, usingizi umevurugika, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakupitia, usingoje ripoti ziishe, nenda kwa daktari. Mawazo hayo ya mwisho yakija, nenda siku hiyohiyo na mwambie mumeo akusindikize. Mimi kwa barua siwezi kukupima.

Turudi kwenye swali lako, umweleze au usubiri.

Ukisubiri aanze yeye, unamwachia achague wakati, na huenda akachagua vizuri. Huenda pia asianze kamwe. Hatari ya kusubiri naiona kwa mtoto zaidi kuliko kwenu. Anajua alichokiona, anajua Baba alisema turudi, anajua Mama aliganda mikono. Watoto wakikosa maelezo huyatunga wenyewe, na wanayoyatunga mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli.

Unaweza kuacha kubaki shuleni, ukarudi nyumbani kengele ikilia, mambo yakafunikwa yakapoa. Naelewa kwa nini njia hii inavutia. Lakini kama anashuku, atasema umeacha kwa kuwa umegunduliwa. Na kile ulichokuwa unakitafuta dirishani bado utakihitaji. Ulikwishasimama nje ya mlango wako na ufunguo mkononi. Nina hofu utakuwa unasimama hapo muda mrefu zaidi.

Ukimweleza, hatari ni kwamba asikie tu nusu ya kwanza, "Nakaa chumba kitupu badala ya kuja kwenu." Kwa hiyo mpangilio wa maneno una uzito wake. Usimweleze mlangoni, wakati watoto wanakuvuta sketi, wala saa sita usiku ukiwa na rundo la madaftari mbele yako. Wala usianze na hesabu ya kazi zako, maana atasikia kesi na atatafuta utetezi. Labda ungeanza na alichokiona kwa macho yake: "Alhamisi ile ya mvua uliniona. Sikuwa nasahihisha. Nataka kukuambia nilichokuwa nafanya, na ni kidogo kuliko unavyoweza kudhani." Kisha umweleze mti. Mweleze majani. Swali la kama ataamini hakuna mwanamume siwezi kulijibu kwa niaba yake, ila naona kisa chako hakifanani na visa vya kutunga. Anayetunga husema alikuwa na rafiki, au alikuwa kikaoni. Hatungi dakika 40 za kutazama mti.

Akikasirika, mwache akasirike. Umemdanganya siku tatu kwa wiki kwa wiki kadhaa, na uchovu unaueleza uongo huo bila kuufuta. Ana haki ya kuumia hata kama hukumsaliti kwa namna aliyoiogopa.

Kabla hamjazungumza, kuna swali ningependa ujiulize ukiwa peke yako, hata palepale dirishani. Kama nyumba ingekuwa kimya, watoto wamelala, mumeo anasoma pembeni bila kukusemesha, ungetamani kurudi? Ukijibu ndiyo, basi unachokikimbia ni kelele, na kelele zinapangika. Kuna ndoa ambazo anayeingia hupewa dakika 20 za kunawa na kukaa chumbani kabla ya kuitwa na yeyote, watoto wakajifunza kuheshimu mlango. Kuna waliokubaliana kwamba siku fulani mmoja anachelewa kurudi na hakuna kuulizwa, na siku nyingine ni zamu ya mwenzake. Neno zamu nalitia makusudi. Huyo mume anayeshinda ndani peke yake, huenda naye ana dirisha lake analolihitaji, au kinyume chake, anahitaji watu. Mkigawana na yeye asipate chochote, baada ya miezi michache makombo yatarudi mezani.

Ukijibu hapana, kwamba hata nyumba ikiwa kimya usingetamani kurudi, hapo mazungumzo ni mengine na ni mazito zaidi, kuhusu ninyi wawili na jinsi mlivyofika hapa. Nisingependa ulifiche jibu hilo chini ya lawama za shule. Sikudhanii hivyo. Jinsi ulivyoandika "moyo ukanipasuka" aliposema "Sawa, mke wangu" inanielekeza kwingine. Ila wewe ndiye mwenye moyo.

Na shule nayo tusiiache hivihivi. Nimepiga hesabu zako. Insha 148 kwa dakika 7 kila moja ni dakika 1,036, yaani saa 17 na dakika 16 kwa duru moja tu ya insha, juu ya vipindi, maandalio na ripoti. Hakuna mpangilio wa ndoa utakaozimeza saa hizo. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti ambao walimu wengi waliochoka wangefaidika kuujua. Kundi moja la wanafunzi lilipewa alama tu, jingine maoni tu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopiga hatua ni wale wa maoni tu. Alama zilipowekwa pembeni ya maoni, faida ya maoni ikapotea. Sasa wewe mtu wa saa sita usiku, ni kwenye insha ngapi unaandika maoni mazuri kisha unayazika kwa alama uliyoiandika juu yake? Pengine unaweza kuandika maoni mawili yenye maana kwa nusu ya wanafunzi wiki hii na nusu nyingine insha ijayo. Pengine shule yako inadai alama kila mahali na mkuu wako wa idara hatakuelewa, hiyo nayo ni hatari ya kweli, hasa kipindi cha ripoti. Lakini ukienda kumwona, huendi kuomba fadhila. Tangu mwaka 1966 Shirika la Kazi Duniani na UNESCO wana pendekezo la pamoja kuhusu hadhi ya walimu, na linataka saa za kufundisha zipangwe kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi alionao mwalimu na muda anaouhitaji kuandaa masomo na kutathmini kazi zao. Halimfungi mkuu wa shule kama sheria. Linaonyesha tu kwamba unachokiomba hukukibuni wewe.

Uliuliza mwanamke anayekimbilia chumba kitupu ana moyo wa namna gani. Nimekaa na swali hilo zaidi ya mengine yote. Mwanamke huyo anamsuka binti yake nywele baada ya wiki ya kulala saa sita na kuamka saa kumi na moja. Halafu, mwanamke huyo hajawahi kuzima simu. Kila mara alituma ujumbe ili asisubiriwe kwa wasiwasi. Ujumbe ulikuwa wa uongo, ndiyo. Lakini uliutuma.

Binti yako alikuuliza ulikuwa unalia. Jibu ulilompa, kwamba ulikuwa unapumzisha macho, liko karibu na ukweli kuliko ulichomwambia baba yake. Ungeweza kulikamilisha siku nyingine ya kusuka: "Nilikuwa nimechoka kusikia sauti nyingi, nikakaa kimya kidogo. Sikuwa nalia, na hukufanya kosa kuniambia mliniona." Kama ulikuwa unalia, mwambie pia, kwa maneno machache. Sentensi ile ya mwisho ndiyo anayoihitaji zaidi. Ningependa tu uzungumze naye baada ya wewe na baba yake kukaa, ili asigeuke mpeleka habari kati yenu.

Nimebakiza kile kitu cha pili.

Ile Alhamisi mvua ilinyesha kutwa, nawe mwavuli ulikuwa umeusahau nyumbani. Uliporudi ukaukuta mlangoni unachuruzika maji, ukauruka. Watoto walikuwa wameshatoka shule saa nyingi, giza limeingia, baridi, na baba yao akawatoa tena nje mpaka barabara ya shuleni kwako. Mwavuli wako ulienda safari hiyo na ukarudi. Walisimama, wakakuona kwenye mwanga, na mtu aliyekuwa amekuletea mwavuli akaamua kurudi nao.

Kwa nini aligeuka, sijui. Inawezekana aliumia. Inawezekana aliona umetulia kwa namna ambayo hajakuona umetulia siku nyingi, akashindwa kugonga dirisha. Hayo mawili yanaweza hata kukaa pamoja kwa mtu mmoja. Mimi ningemuuliza kuhusu mwavuli kwanza.